Firigisi ya Bakari

Mwezi uliopita nilikwenda Mikindani kwenye arobaini ya Zuhura, na kitu cha kwanza nilichokiona nilipokata kona ya ile nyumba ya mawe kilikuwa mwanamke aliyesimama barazani, kuku amembana kwapani, kisu mkononi, macho barabarani. Msomaji wa mikoa mingine huenda akashangaa, lakini sisi wa pwani ya kusini tunaelewa. Mwanamke asiye na mwanamume ndani ya nyumba hamchinji kuku wake mwenyewe, ingawa walimu watakuambia sheria haimkatazi. Husimama nje akangoja Mwislamu yeyote apite, akamwita, "Baba, nichinjie." Yule mpita njia huweka mzigo wake chini, akaelekea kibla, akasoma, akakata, akanawa, akaenda zake. Haulizwi jina. Nilikuwa sijaliona jambo hilo kwa miaka mingi, kwa sababu mjini Mtwara ninakokaa siku hizi kuku tunawanunua wakiwa wameshanyonyolewa, na kwa sababu, niseme ukweli mapema, tangu mwaka ule nilioishi katika nyumba hiyo nimekwepa kusimama barabarani na kuku. Nilisimama pale kwenye kona. Yule mwanamke sikumjua. Lakini baraza ilikuwa ileile, na kiraka cha chokaa ukutani nyuma yake nilikijua, na fundi aliyekipiga nilimjua pia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopangiwa kazi ya ukarani katika ofisi ya kata pale Mikindani. Nilitoka Nanyamba na begi moja, godoro la sufi, na mfuko wa korosho alionifungia mama kana kwamba huko pwani watu hawali. Nikapanga chumba kwa Bi Somoe, bibi yake Zuhura. Kilikuwa chumba cha nyuma, kuta zake nene kiasi kwamba mtu mwembamba angeweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha, dari ya boriti iliyoliwa na mchwa upande mmoja, na harufu ya chokaa mbichi isiyokwisha hata kiangazi. Dirisha lilitazama uani, na uani ndiko mambo yote ya mtaa yalikozungumzwa. Nilijifunza mengi nikiwa nimelala chali kitandani, nikisikiliza nazi ikikunwa na watu wakisemwa. Mimi mwenyewe nilisemwa. Usoni waliniita Bibi Karani, na nikigeuza kisogo nilikuwa "yule wa mikoroshoni." Nilisoma Kurani kama wao, nilifunga kama wao, au nilidhani hivyo, lakini kwao dini ilikuwa na lafudhi, na lafudhi yangu ilikuwa ya bara. "Kule kwao," nilimsikia Bi Somoe akisema siku moja huku akicheka, "dini ilipita tu ikielekea Masasi." Alisema bila chuki. Ni utani, na mtani hakasirikiwi.

Nyumba ile haikuwa na mwanamume. Bi Somoe alikuwa mjane wa siku nyingi, na Zuhura, rika langu, alikuwa amefiwa na mama yake miaka miwili kabla sijafika. Kuku walikuwa wengi. Kwa hiyo alikuwepo Bakari. Alikuwa fundi chokaa, mtu wa miaka thelathini hivi, uso una chale za Kimakonde za mtindo wa ng'ambo ya Ruvuma, kucha nyeupe daima kwa ile chokaa ya matumbawe aliyoichoma mwenyewe na kuzibia kuta za wazee. Alikuwa na miaka minne pale mtaani. Ijumaa alikwenda msikitini akakaa safu ya nyuma, siku nyingine hakuonekana, na hakuna aliyeshangaa, maana nusu ya wanaume wa mtaa ule walikuwa hivyohivyo. Yeye ndiye aliyechinja kuku wa Bi Somoe, kisha wa jirani yake Bi Tatu, kisha wa mtaa mzima. Kisu kilikaa juu ya mlango wa uani kikimngoja. Na kila kuku aliyechinjwa, firigisi yake ilitengwa kwenye kibakuli cha bati na kufunikwa. Kwetu firigisi ni ya mwanamume wa nyumba, na akichelewa husubiriwa. Zuhura akinyoosha mkono, Bi Somoe alimpiga kofi dogo: "Toa mkono, ya Bakari hiyo." Nami nilikaa pale miezi nikilipa kodi, nikiteka maji, nikimsomea Bi Somoe barua zake, na hakuna kibakuli hata kimoja kilichowahi kufunikwa kwa ajili yangu. Leo naweza kucheka kwamba binti wa kidato cha nne aliionea wivu firigisi. Wakati ule haikuwa kichekesho.

Ofisini nilikuwa chini ya Mzee Chilumba, katibu kata, mtu mkavu mwenye mashati mawili ambayo yote yalipigwa pasi ya mkaa. Mpaka leo sijui alikuwa wa dini gani. Ramadhani hakuna aliyemwona akila, Krismasi alikuja kazini, na jina lake halikusema kitu. Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya meza yenye daftari kubwa la wakazi. "Salima," akasema, "serikali haina dini. Wenye dini ni watu, na watu wote ni wetu. Hapa mezani hatumwulizi mtu anasali wapi, tunamwuliza anakaa wapi. Akikuambia kingine, kimeishia hapa." Akaipiga meza kwa kiganja. Nikajibu ndiyo mzee, kama karani yeyote mgeni anavyojibu, nikidhani ni hotuba tu.

Katikati ya mwaka ikaja amri ya kuandikisha upya wakazi wote waliotoka ng'ambo, kwa sababu vita vya kule vilikuwa vikituletea watu kila wiki. Bakari alikuja zamu yake ilipofika, kofia yake nyeupe kichwani, amenawa mikono mpaka viwiko lakini chokaa haikutoka kwenye kucha. Mzee Chilumba alikuwa ametoka. Nilimwuliza jina, akasema Bakari. Nikamwambia, "Jina kamili, kaka, na karatasi yoyote uliyo nayo." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya nailoni. Ilikuwa cheti cha ubatizo kutoka kanisa la Wakatoliki huko kwao, na jina lililoandikwa pale lilikuwa Agostino. Nililisoma mara mbili. Nikamtazama, nikatazama kofia.

"Hii nilipewa na aliyenivusha," akasema, akiigusa ile kofia. "Jua lilikuwa kali, dada. Nilitembea kutoka Kilambo, pale kivukoni, siku mbili bila kula, napita pale kwa Bi Somoe, namwona mama kasimama na kuku na kisu. Ananiita, 'Baba, nichinjie.' Kiswahili changu wakati ule kidogo sana. Nikaona mama mtu mzima ananipa kuku na kisu, nitamwambiaje hapana? Kwetu wapo Waislamu, nilishasikia wanavyosoma. Nikasoma. Nikamchinja. Ndiyo akaniuliza nimekula lini."

"Na hilo Bakari?"

"Alisema nafanana na kaka yake marehemu, Bakari. Mimi nikaitika." Alianza kuikunja karatasi yake. "Nilitaka kumwambia kesho yake. Kesho yake akaja jirani na kuku mwingine."

Nilicheka, na yeye akacheka, kicheko cha mtu aliyebeba mzigo peke yake mwendo mrefu na sasa kapata wa kumshikia upande mmoja. Kisha akawa mzito. "Dada Salima, hili libaki humu."

"Litabaki," nikasema. Nikaliandika Agostino kwenye daftari kwa wino, nikatia saini yangu pembeni.

Nimeupitia mkutano ule kichwani mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kumwona kwa usahihi. Sikumchukia. Nadhani hata nilimpenda zaidi kwa siku kadhaa. Lakini kulikuwa na kitu kingine kikikua pembeni. Nilijua sasa kwamba mimi, binti wa Kiislamu niliyezaliwa na Waislamu, nilikuwa mgeni katika nyumba ile, na Agostino wa ng'ambo ndiye mwenyeji. Kila kibakuli kilipofunikwa nilisikia jina lile likinipanda kooni. Nililimeza, likapanda tena. Mtu angeniuliza wakati ule, ningesema naumia kwa ajili ya dini. Haikuwa dini iliyoniuma.

Ramadhani ikaingia na joto lake. Siku kumi za mwanzo nilifunga vizuri. Siku ya kumi na moja, mchana, nilikuwa peke yangu katika chumba cha mafaili, na mfuko mpya wa korosho kutoka nyumbani ulikuwa chini ya meza. Sikuwa mgonjwa, sikuwa safarini, sikuwa na udhuru wowote ambao mwanamke anaweza kuwa nao. Nilikuwa na njaa, basi. Nikala ya kwanza, nikala ya pili, na Bi Tatu akaingia bila hodi kutafuta barua ya shule ya mtoto wake, akanikuta mashavu yamejaa. Alisubiri barua yake, akaipokea kwa mikono miwili, akanitazama kama mtu aliyeokota sarafu njiani.

Jioni ile uani kulikuwa na futari ya muhogo wa nazi kwenye sufuria moja na kuku kwenye nyingine, kuku aliyechinjwa na Bakari asubuhi kabla hajaenda kazini. Kibakuli cha bati kilikuwa rafuni, kimefunikwa. Nilikuwa nachambua mchele. Bi Tatu akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akaanza kukuna nazi taratibu, akauliza kwa sauti ya kumwuliza mtu hali, "Salima, leo unafuturu kwa tende au kwa faili?" Zuhura akauliza faili gani. Basi ikasimuliwa, pamoja na mashavu yangu, alivyoyaigiza kwa kuvuta pumzi na kutoa macho. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Zuhura pia, shoga yangu, alicheka hadi machozi. Bi Somoe akajaribu kunitetea. "Mwacheni mtoto wa watu," akasema, "si nimewaambia kwao dini ilipita ikielekea Masasi."

Nikasikia sauti yangu kabla sijaamua kusema. "Ninyi mnaonicheka, hao kuku mnaofuturia mwaka wa nne huu amewachinja Agostino."

"Agostino ndiye nani?" akauliza Zuhura, bado anatabasamu.

"Mwulizeni Bakari. Kabatizwa. Nimeiona karatasi kwa macho yangu."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Ningetoa chochote leo kuweza kuirudisha ile sauti ya nazi ikikunwa. Bi Tatu ndiye aliyesema kwanza, na hakuwa na dhihaka tena, alikuwa na hofu ya kweli: "Idi zote? Tumekula nini Idi zote?" Zuhura akageuka kwa bibi yake, uso umemkauka. "Na hitma ya mama? Kuku wa hitma ya mama alimchinja nani?" Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilitaka kumchoma Bi Tatu na Bakari, na nikawa nimemchoma maiti. Bi Somoe alinyanyuka, akaishika sufuria ya kuku kwa upindo wa kanga, akaenda nayo chini ya mpapai, akaimwaga yote, nyama na mchuzi. Wale kuku wa uani wakaja mbio kudonoa, na Zuhura akaangua kilio, akawafukuza kwa ufagio.

Bakari alifika adhana ikiwa bado kidogo, kama kawaida yake, akapiga hodi mlango wa barazani. Bi Somoe alitoka peke yake. Sisi tulibaki nyuma ya pazia la mlango, tukasikia kila neno.

"Bakari, mwanangu. Jina alilokupa mama yako ni lipi?"

Alivua kofia. Nilimwona kwa upenyo wa pazia akiigeuzageuza mikononi. "Agostino, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama. Ulinipa kuku." Akangoja, kisha akasema, "Nilisoma bismillahi kila mara. Sikuruka hata siku moja. Na kila nilipoisoma nilimaanisha."

Bi Somoe alisimama ameshika nguzo. Nilidhani atapiga kelele, na naamini Bakari naye alidhani hivyo, maana alikuwa ameinamisha kichwa. Badala yake akaingia ndani, akapita katikati yetu bila kututazama, akakichukua kibakuli cha bati rafuni, akarudi nacho nje. "Chukua chakula chako," akasema. "Hiki ulikuwa umewekewa."

Hakukipokea. "Mmefunga, mama," akasema. "Sijawahi kula mbele yenu kabla ya adhana."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na vipande vya korosho bado kwenye meno. Bi Somoe akasema, "Basi nenda, baba," kwa sauti ndogo, na yeye akaenda. Adhana ikalia. Tulifungua kwa maji na muhogo, na Bi Tatu akanisogezea tende zake mwenyewe, tatu nzima, akaniita mwanangu, akasema Mungu amenileta kuwaokoa. Tangu siku hiyo sikuwa tena yule wa mikoroshoni. Nilikuwa wa kwao. Nilikipata nilichokuwa nakitaka mwaka mzima, nacho kilikuwa na ladha ya zile tende, ambazo sikuweza kuzimeza hadi niliposhushia maji.

Kesho yake Bakari alikuja ofisini kuomba barua ya kuvukia Kilambo. Mzee Chilumba alimkatalia mara ya kwanza. "Huko kunawaka moto," akamwambia. "Hapa wewe ni mkazi, umeandikishwa. Mtaa ukikukataa, kata haijakukataa." Bakari alisema anashukuru, lakini mtu hawezi kukaa kwenye kata, anakaa mtaani. Mzee akaniamuru niandike. Niliandika, nikapiga mhuri, na nilipomkabidhi akaniinamia na kunong'ona, "Sijui nani kasema, dada. Labda yule aliyenivusha, alipita hapa juzi. Wewe najua hukusema. Wewe peke yako ndiye uliyelijua jina langu hapa ukanitazama vilevile." Akanipa mkono. Niliushika. Maneno manne tu yangetosha, ni mimi niliyesema, Agostino, na labda angenitukana, na labda hilo lingemsaidia. Nikamtakia safari njema.

Alipotoka, Mzee Chilumba alifunga mlango. "Ukurasa ule tumeusoma wawili, Salima," akasema. "Na mimi sikai uani kwa Bi Somoe." Hakunifukuza kazi wala hakuandika popote. Alilichukua lile daftari, akalifungia kabatini kwake, ufunguo akaufunga kwenye mkanda. Miezi yote iliyobaki, kila nilipotaka kuandika jina la mtu nilisimama mbele yake nikaomba ufunguo.

Baada ya siku tatu Bi Somoe alimwita mwalimu wa madrasa, kwa sababu Zuhura hakuwa akilala akifikiria hitma ya mama yake. Mwalimu alisikiliza yote, akanywa maji yake, maana magharibi ilikuwa imeshapita. Akasema wanachuoni wamehitilafiana juu ya nyama ya watu wa Kitabu, wapo walioihalalisha na wapo walioweka masharti mengi, na kwamba anayekula bila kujua hana dhambi, na hitma ya marehemu haina doa. "Lakini juu ya kumwaga chakula mwezi wa Ramadhani," akasema, akimtazama Bi Somoe kwa upole, "sijasikia wamehitilafiana." Zuhura alilia tena, safari hii kwa nafuu. Bi Somoe akanigeukia. "Wewe una mdomo wa serikali," akasema, "nenda Kilambo ukamrudishe. Mwambie kuku wangu wanazeeka."

Nilikwenda na gari la mizigo, nikakaa ukingoni mwa Ruvuma asubuhi nzima. Maji yalikuwa yamepungua na mchanga umejitokeza katikati, watu wakivuka kuja kwetu na magodoro vichwani. Mwenye mtumbwi alimkumbuka mara moja. "Mwenye kucha nyeupe? Kavuka juzi. Nilimwuliza, wenzako wote wanakuja, wewe peke yako unakwenda?" Nikamwuliza alijibu nini. "Alinisaidia kupiga kasia." Nilitamani kuvuka. Sikuvuka. Nilirudi Mikindani nikamwambia Bi Somoe kwamba ameshaondoka, akasema haya, akaenda kuwapa kuku pumba.

Hakuwachinjisha tena. Wanaume walipita barabarani, wenye kofia na wasio na kofia, naye alikuwa akikaa barazani akiwatazama tu. Kuku wakazidi, wakalala juu ya mpapai, wakataga kwenye vyombo, majogoo wakapigana hadi ndani ya chumba changu. Bi Tatu alimtania kwamba anafuga wazee wenzake. Hakuna aliyeniambia kwamba nimekosea, na sijui kama wenyewe waliona hivyo. Mwaka ulipokwisha niliomba uhamisho kwenda mjini nikapewa. Bi Somoe alinifungia mayai thelathini. Alifariki miaka kadhaa baadaye, Bi Tatu akamfuata, Mzee Chilumba nilisoma tangazo lake la msiba nikiwa tayari nina wajukuu. Na sasa Zuhura. Waliokuwepo uani jioni ile nimebaki mimi.

Yule mwanamke wa barazani mwezi uliopita alipata mchinjaji wake, kijana mmoja aliyeshuka kwenye pikipiki. Kisha akanipokea mkoba. Ana miaka arobaini na kitu, shingoni ana rozari ndogo ya mbao, na juu yake alikuwa amejitanda kanga vizuri kama mwenye msiba. Nikamwuliza jina. "Naitwa Somoe," akasema. Nikadhani amenisikia vibaya. "Hilo la nyumba hii, mama. Baba yangu aliishi hapa, akanipa mimi." Akanieleza huku akinyonyoa kuku kwenye maji ya moto, bila haraka, kama jambo aliloshalieleza mara nyingi. Baba yake alivuka kwenda kwao wakati wa vita, akaishi, akaoa, akazaa. Uzeeni akaivuka tena Ruvuma kuja huku, safari hii akiwakimbia watu wa mapanga wanaochoma vijiji na kudai wametumwa na Mungu. Alikaa na wanawe kijiji kimoja cha karibu na Kilambo kwa miaka miwili, akafia hapo. Miaka miwili. Kutoka kwangu ni asubuhi moja ya gari. "Tulimwambia twende Mikindani akawaone watu wake," Somoe akasema. "Akawa anasema kesho. Alipofariki nikaja mimi, nikaulizia nyumba yenye kiraka. Bibi Zuhura akanifungulia mlango, akasema chumba cha nyuma ni changu."

Zuhura hakuwahi kuniambia. Tulisalimiana kwa simu kila Idi, akaniuliza wajukuu, akaniuliza presha, na muda wote huo binti wa Bakari alikuwa analala katika chumba changu. Nadhani alikuwa ananingoja niulize. Wala Zuhura hakumwambia Somoe kitu juu ya jioni ile, nililitambua hilo pale pale, kwa jinsi yule mwanamke alivyoacha kunyonyoa aliposikia mtu akiniita Bibi Karani. Alifuta mikono kwenye kanga. "Wewe ndiye dada Salima wa ofisini?" Nikasema ndiye. Macho yalimjaa maji.

Baada ya dua chakula kiliandaliwa uani, mikeka miwili, wali na kuku. Somoe alikuja mwenyewe akapiga magoti mbele yangu na kibakuli cha bati, kimefunikwa. Sijui kama kilikuwa kilekile. "Baba alikuwa anatuchekesha," akasema, "kwamba kuna firigisi moja aliiacha katika nyumba hii bila kuila. Bibi Zuhura alikuwa ananipa mimi kila kuku akichinjwa. Lakini leo ni yako, mama. Baba alisema Mikindani nzima kulikuwa na mtu mmoja aliyelijua jina lake akalitunza. Nilikuwa nakuombea bila kukujua sura. Asante sana."

Wanawake wa mkeka wetu waliacha kula wakanitazama kwa heshima. Alikuwa bado amepiga magoti, akisubiri nionje.

"Karibu, mwanangu," nikamwambia. Nikafunua kibakuli, nikaitia firigisi mdomoni, nikaitafuna, nikaimeza.